Daktari wa Nyasi wa Bangwe

Kiangazi kilikuwa kinakata roho, na uwanja wa gofu wa hoteli moja kule Bangwe ulikuwa umenyonyoka kama kichwa cha mtu aliyetoka kuugua. Feliksi aliuona akiwa barabarani, juu ya pikipiki ya shemeji yake, akasimama. Mtu mwingine angeona vumbi. Feliksi aliona riziki.

Feliksi wa Mwanga hakuwa mwizi, na aliyemwita hivyo alimvunjia heshima. Alikuwa mtu wa maelezo. Alikwisha kuwauzia wavuvi marashi ya kuita dagaa, na wavuvi wakanukia vizuri msimu mzima. Sasa bango la getini lilitangaza mashindano ya wakubwa, na shimo la kwanza, lile la mbele ya baraza ya wageni, halikuwa na unyasi wa kumficha hata siafu.

Pembeni mwa shimo hilo mwanamke mtu mzima mwenye kofia pana alikuwa akitembea polepole, mikono nyuma, akiitazama ardhi.

"Shikamoo, mama meneja," alisema Feliksi.

Mwanamke alimtazama, akaitazama hoteli, akamtazama tena.

"Marahaba. Sema, mwanangu."

"Naitwa Daktari Feliksi. Natibu nyasi. Hapa mgonjwa amezidiwa, mama. Ardhi haipumui. Itobolewe, inyunyiziwe mchanga wa ziwani, halafu tubandike nyasi mpya za Uskoti. Bahati nzuri ninazo, zimekuja kwa meli kupitia Mpulungu."

"Za Uskoti kabisa?"

"Bado zinaona baridi."

Mwanamke, aliyejitambulisha kuwa ni Winfrida, alipotajiwa bei hakuomba kupunguziwa hata kidogo. Jambo hilo lingemshtua fundi mwaminifu. Feliksi lilimpa usingizi mzuri.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Nyuma ya miamba, karibu na maji, kulikuwa na shimo la tisa, ambako wachezaji wengi walichoka kabla ya kufika. Nyasi zake zilikuwa nzito na mbichi. Kesho yake alfajiri Feliksi alizikata vipande vipande pamoja na udongo wake, akavipakia kwenye toroli, akavifunika kwa gunia, akampelekea mwenye uwanja nyasi zake mwenyewe. Wahudumu walimwona akifanya kazi bila kujificha, wakadhani bosi ndiye aliyemtuma.

Winfrida alikuja kukagua, akabonyeza kipande kimoja kwa kidole.

"Kweli zina baridi," alisema. "Nakwenda benki kukuchukulia pesa yako. Hebu nipe ufunguo wa pikipiki, gari la hoteli limetoka. Na kadi yake pia, trafiki wa siku hizi unawajua."

"Nikupeleke, mama."

"Nani atabaki na mgonjwa? Hizi ukiziacha juani zitanyauka."

Feliksi aliona kuwa hilo lilikuwa neno la kitaalamu. Akatoa ufunguo, akatoa na kadi, akarudi kutoboa ardhi huku akipiga mluzi.

Jua lilipanda, benki ikawa mbali ajabu. Simu ya Winfrida haikupatikana. Aliyefika alikuwa mzee mmoja mwenye begi, ametoka kushuka kwenye treni ya Tabora. Alisimama juu ya shimo la kwanza.

"Wewe ni nani?"

"Shikamoo, mzee. Daktari wa nyasi. Meneja amenipa kazi."

"Naitwa Leodgar. Uwanja ni wangu na meneja ni mimi. Huyo wako ni yupi?"

"Mama Winfrida."

Recho, mhudumu aliyekuwa amekuja kupokea begi, alikohoa. "Yule mgeni wa chumba cha pembeni, mzee. Ameondoka bila kulipia chumba. Wamemwona bandarini, pikipiki inapandishwa boti. Alisema ni ya mwanawe."

Yeye hakusema ni meneja, aliwaza Feliksi, mimi ndiye niliyemwita hivyo. Alitaka kukimbia, lakini alikuwa mtu wa kukimbia kwa pikipiki.

Mzee Leodgar alizikanyagakanyaga nyasi mpya. Zilikaa barabara, lazima isemwe.

"Nyasi nzuri. Umezitoa wapi?"

Feliksi alitafuta maelezo. Kwa mara ya kwanza maishani hakuyapata.

"Shimo la tisa, mzee."

Mzee aliyatazama mawingu ya kwanza juu ya milima ya Kongo.

"Utalipanda upya shimo la tisa. Na mengine yote yenye upara. Mvua zikishika na nyasi zisipoota, tutakwenda polisi pamoja."

"Nitapanda, mzee. Ila shemeji yangu Samson anataka pikipiki yake jioni ya leo. Nimwambie nini?"

"Mwambie aje na jembe."

Samson alikuja, na jembe alikuja nalo. Ilibidi wahudumu watatu wamshike ndipo akubali kuwa lilikuwa la kulimia.