Damu ya Mzee Imekwisha

Jumatatu, 3 Juni

Mvua tangu alfajiri. Cherehani inalalamika, mimi nalalamika, hakuna wa kutusikiliza. Jumamosi timu ya taifa ya raga inacheza na Majirani wa ng'ambo ya mpaka, na mtaa mzima umepagawa. Muuza mkaa hauzi mkaa, anajadili goti la nahodha. Fundi viatu amegoma kupokea kiatu chochote cha kijani, eti ni rangi yao. Wake kwa waume wanagombana kuhusu skramu kama vile wao ndio watakaoingia kusukuma.

Jioni mkutano wa mashabiki, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenyekiti wetu tunamwita Skramu. Alicheza mstari wa mbele ujanani, na sikio lake la kushoto limekunjamana kama leso iliyosahaulika mfukoni. Akatangaza kwamba ana siti mbili za jukwaa kuu, usawa wa mstari wa katikati, chini ya paa, zenye pa kuegemea. Atapewa mtu atakayekifanyia chama jambo la maana kuliko wengine wote.

Nikasimama kabla sijafikiri. Nikasema mara iliyopita tulitia aibu, kila mtu na wekundu wake, huyu nyanya, yule tofali, yule sweta la shule. Nikaahidi kulivalisha jukwaa letu lote jezi za rangi moja, rangi yenyewe ya timu, damu ya mzee iliyokolea. Makofi! Sijawahi kumaliza nguo tatu kwa wiki bila mteja kuja kunifokea. Nitajua mbele ya safari.

Siti hizo ni kwa ajili ya Baba. Naandika ukweli kwa kuwa humu hasomi mtu. Tangu Mama afariki anaishi kwa Dada, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Raga alinifundisha yeye. Wiki iliyopita alisema angependa kuusikia tena ule mshindo wa mabega yakigongana kwenye skramu, ausikie uwanjani, kabla magoti yake hayajagoma kabisa. Shemeji, mume wa Dada, akamwambia kwenye televisheni yake unasikika vizuri zaidi. Televisheni pana kama mlango! Baba akainuka, akarudi chumbani kwake kutazama ukuta. Kule kuinuka kwake hakujanitoka mpaka leo.

Nitampeleka mimi. Si Shemeji. Mimi.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata mpinzani. Fundi Chapchap wa ng'ambo ya barabara kajitapa kuwa jezi anaziweza. Nikamwendea Skramu mbio, nikamnong'oneza kwenye lile sikio zima kwamba kola za Chapchap hulegea kabla mwezi haujaisha. Skramu akashika kola ya shati lake, iliyolala kama imezimia, akaniuliza kama naikumbuka. Niliishona mimi. Nikasema nyuzi za siku hizi si za kuaminika.

Hata hivyo kazi imebaki kwangu. Chapchap amepata sare za shule na hana nafasi. Najiambia nimeshinda.

Jioni nikaenda kwa Dada. Nikamwomba Baba asimwahidi mtu yeyote Jumamosi yake. Akauliza ni nani huyo angeitaka Jumamosi ya mtu wa umri wake. Aliuliza kwa utani. Sikuweza kucheka. Shemeji alikuwa juu ya kiti anafunga spika ya pili ukutani, akaniomba nimshikie waya. Nikaushika vibaya makusudi. Spika ikaniangukia mguuni.

Nimerudi nachechemea. Baba alinisindikiza hadi mlangoni akiwa na furaha ya mtoto, ananiuliza namba kumi wetu amepona bega au bado. Nilimwambia amepona. Sijui lolote kuhusu bega hilo.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Kitambaa kimeniishia. Nimekata vifua vyote na mikono yote, migongo hakuna. Nilipima kwa mwili wangu, na mimi ni mwembamba kama wembe. Nilisahau kwamba mashabiki wa raga nao wana miili ya raga. Mama Vitambaa sokoni amebakiwa na jora moja tu la damu ya mzee, na kuna mwenye hoteli analivizia ashone mapazia. Mapazia, wiki ya mechi!

Mpango: kumwandikia Mama Vitambaa ujumbe wa kumtia huruma, na wa siri, mwenye hoteli asishtuke. Nikaandika huku mguu uko kwenye pedali. Hali ni mbaya. Damu ya mzee imekwisha. Tusipopata nyingine leo, Jumamosi hatufiki. Nakuomba iwe siri. Nikausoma mara mbili, nikakaribia kulia mwenyewe. Nikautuma. Kisha nikazima simu, wateja wasinisumbue, nikaendelea na mikono.

Giza limeingia na Mama Vitambaa hajaleta hata uzi. Watu wamekosa utu.

Alhamisi, 6 Juni

Sijui nianzie wapi.

Ujumbe haukwenda kwa Mama Vitambaa. Ulikwenda kwenye kundi la ukoo. Kwenye simu yangu majina hayo mawili yanafuatana, na kidole changu kina sugu ya sindano. Ukoo mzima ukasoma kwamba Baba ameishiwa damu na Jumamosi hafiki. Wakanipigia, simu nimezima. Wakampigia Baba, simu yake iko juu ya kabati, haijawahi kutoka nje. Dada akatoka kazini mbio, akakuta chumba kitupu. Shangazi akapanda basi na binamu zangu wawili, wote wamekunja mikono ya mashati tayari kutolewa damu. Shemeji alizunguka hospitali moja baada ya nyingine kwa pikipiki. Nasikia alikuwa analia. Shemeji!

Baba alikuwa kwa kinyozi. Alikwenda kunyolewa kwa ajili ya Jumamosi.

Walimkuta anatoka, kichwa kinang'aa. Shangazi akamrukia kumkumbatia, wakaanguka wote wawili. Baba akasema yeye ni mzima. Hakuna aliyemsikiliza, maana wagonjwa wote husema hivyo. Wakambeba mpaka hospitali. Daktari alipoona kilio kile akaona ampime tu yaishe. Hayakuisha. Presha iko juu sana, na moyo unaruka mapigo. Amelazwa. Hatoki mpaka Jumatatu. Daktari hataki kusikia habari za uwanja, wala kelele, wala msisimko.

Nilijaribu kueleza kwamba ni rangi. Nilichukua hata kipande cha kitambaa nikawaonyesha. Binamu mmoja akakitazama kitambaa, akaitazama bendeji kwenye mkono wake, akatoka nje. Alikuwa ameshatolewa damu. Dada akasema hataki kuniona mpaka aniite mwenyewe. Halafu, kwa shingo upande, akaongeza kuwa daktari anasema wangechelewa wiki moja zaidi tungekuwa tunazungumza mengine.

Kwa maana hiyo nimemwokoa Baba. Nikalisema hilo kwa sauti, mbele ya Shangazi. Shavu bado linauma.

Ijumaa, 7 Juni

Migongo! Lile jora limeshakuwa mapazia. Kitambaa pekee nilichopata mtaa mzima ni masalio ya sare za Chapchap. Cha kijani. Rangi ya Majirani. Nilikaa nacho mapajani muda mrefu nikikitazama. Kisha nikajiuliza, mtu akikaa jukwaani, mgongo wake unaonwa na nani? Nikashona. Nikazikunja jezi zote vifua juu, nikampelekea Skramu wakati wa magharibi, taa zikiwa hafifu. Alifurahi. Alinikumbatia mbavu zikalia, akanipa tiketi mbili. Sikungoja azikunjue.

Kwa hiyo tiketi ninazo. Baba ndiye sina.

Mpango mpya, na huu ni wa uhakika. Nimeshona koti jeupe la daktari kwa shuka langu mwenyewe. Kesho saa za kuona wagonjwa nitaingia, nitatafuta kiti cha magurudumu, nitamsukuma Baba kama mtu anayepelekwa eksirei. Uwanja hauko mbali, kutoka wodini kelele zake zinasikika. Nikiufikiria uso wake atakapouona uwanja, nafurahi. Nikifikiria moyo wake, naogopa. Nimeongeza mfuko wa tatu kwenye koti ili nisiendelee kufikiria.

Leo nalala bila shuka. Baridi.

Jumamosi, 8 Juni

Mtaa ulianza kuimba kabla jua halijatoka. Honi, filimbi, sufuria. Watu wamejipaka rangi usoni hata muuza mkaa, ingawa kwake haikuonekana. Nikapita katikati yao na koti langu kwenye mfuko, mnyonge kuliko wote.

Baba alikuwa amekaa kitandani na gauni la hospitali. Alionekana mdogo. Shemeji alikuwa pembeni yake na redio ya mfukoni yenye spika za masikioni, kwa sababu kelele zimekatazwa. Ile televisheni ameiacha nyumbani peke yake! Spika moja Baba alikuwa ameshaitia sikioni. Ya pili akaninyooshea mimi. Akasema nikae, timu ndiyo kwanza zinaingia. Akapapasa godoro kunionyesha pa kukaa.

Nikamwambia asubiri kidogo. Nikamkonyeza, nikatoka kutafuta kiti cha magurudumu.

Koridoni nikavaa koti. Sikufika mbali. Mama mmoja akanishika mkono, akaniuliza mwanawe ataondolewa lini plasta. Nikasema hivi karibuni. Akamwita dada yake. Dada yake akaita wengine. Punde nikawa na foleni, na babu mmoja ameshavua soksi nimwangalie kidole. Muuguzi mkuu akatokea, akaniuliza mimi ni wa idara gani. Nikasema raga. Sijui kwa nini. Akashika koti, akaupitisha mkono kwenye vifungo, akasema ni mara yake ya kwanza kuona daktari mwanamume aliyefunga vifungo upande wa kike. Akaita mlinzi.

Mechi niliyoisubiri mwaka mzima nimeimalizia kwenye kibanda cha mlinzi, getini. Nilimwambia baba yangu yuko pale juu, akasema kila mtu ana baba. Hafuatilii raga. Kelele zikitoka uwanjani ananiuliza golikipa wetu ni nani. Kutoka kibandani niliweza kuona dirisha la wodi. Niliona vichwa viwili vimeinamiana, kimoja kinang'aa, na waya mwembamba katikati yao. Ile spika ya pili ilikuwa kwenye sikio la Shemeji.

Mwisho kabisa ukaja mngurumo uliotikisa mabati ya kibanda. Trai! Tumeshinda. Baba akamwegemea Shemeji begani, akawa anacheka au analia, kutoka mbali huwezi kujua. Nilitamani kupiga kelele na mimi, lakini sikuwa na wa kupiga naye. Mlinzi akaniuliza kama sasa ndiyo mapumziko.

Jumapili, 9 Juni

Skramu alikuja asubuhi mbichi. Ile trai ilipoingia, mashabiki wetu waligeuka kukumbatiana, na kamera ikawashika migongoni. Mtangazaji aliwasifu mashabiki wa Majirani kwa uungwana wao wa kushangilia hata wanapofungwa. Nchi nzima imesikia. Nimefutwa uanachama. Jezi amezirudisha zote, zimelowa jasho, nimezining'iniza mpaka kwenye taa.

Mchana Dada akapiga simu. Sauti yake imelainika kidogo. Presha ya Baba imeshuka, na daktari mwenyewe haelewi, anadhani labda mechi ndiyo imemtuliza. Baba anauliza kama leo nitakwenda saa za kuona wagonjwa. Anataka kunisimulia kipindi cha pili chote, skramu baada ya skramu. Amesema nisipeleke chochote. Nisipange chochote. Nikae tu karibu yake.

Niliumia. Nililia juu ya cherehani, kisha nikaifuta isishike kutu.

Lakini leo haiwezekani. Marudiano ni Septemba, huko huko kwa Majirani, na nimeshawaza kila kitu. Fundi umeme wa mtaa wa pili ana gari jeupe la mizigo. Ukilichora msalaba mwekundu ubavuni na kumlaza Baba ndani, ni askari gani wa mpakani atathubutu kulisimamisha? Shida ni kwamba fundi ana nafasi ya kuniruhusu nilipime gari lake leo tu, na ni saa zile zile za kuona wagonjwa. Nimechukua futi yangu natoka. Dada nimemwambia nimebanwa, nina kazi ya haraka, tena ya Baba mwenyewe.