Meno Yangu na Mkia wa Ng'ombe

Jumatatu, 3 Juni 1912
Nimepata dawa ya Yudith! Mjane huyu wa Miyuji atatoa jibu Jumapili baada ya ibada: ni mimi, au ni Marko, mpiga kengele wa stesheni. Marko ana nini? Pengo! Aling'olewa meno mawili ya chini utotoni, kama Wagogo wenzake wote, na kwenye pengo hilo hupiga mluzi hadi ng'ombe wanageuka. Mimi siku yangu ya kung'olewa nilikimbilia porini. Meno yangu yote yapo, yamesongamana kama abiria wa daraja la tatu. Leo bomani nimemwona binti wa Bwana Mpima, Mdachi apimaye ardhi: ana waya menoni. Mpishi wao kaniambia waya hunyoosha meno. Mdachi kanyoosha reli kutoka Dar es Salaam mpaka hapa, atashindwa na meno?

Jumanne, 4 Juni
Sila mfua bangili amenifunga waya wa shaba. Nililia kidogo. Yeye alicheka sana. Akanionya nisafishe kila mwanya kabla ya kulala, kwa mswaki na chumvi, nisiruke hata usiku mmoja. Nikamjibu kwamba karani wa boma hafundishwi kupiga mswaki.
Jioni, ugali wa uwele na mlenda. Mlenda umeingia kwenye waya na umekataa kutoka. Mswaki haupiti. Nalala hivyo hivyo. Nani anatazama meno gizani?

Jumatano, 5 Juni
Sisimizi! Nimeamka wamejipanga kutoka ukutani mpaka mdomoni mwangu, kwa nidhamu kuliko askari wetu. Ofisini Bwana Mkubwa alisogeza kiti dirishani. Kisha akatoka nje kabisa. Dada yangu Anyesi ameuliza kama kuna panya kafia ndani. Nikamwambia hapana, ni mimi. Akasema pole kaka, afadhali angekuwa panya.

Ijumaa, 7 Juni
Mpishi ameniapia kwamba yule binti hupitisha uzi wa hariri kati ya meno kila usiku. Hariri sina. Lakini ng'ombe wana mikia, na mikia ina nywele ndefu! Jioni nimeingia kwa adabu zizini kwa Bartolomayo, kaka yake Yudith. Nikashika mkia. Ng'ombe hakuelewa nia yangu. Bartolomayo naye hakuelewa. Alinikuta chali kwenye samadi, akapiga yowe la mwizi, na nusu ya Miyuji ikaja na marungu.
Nilieleza kwamba nasafisha meno tu. Jaribu wewe kuwaeleza watu hivyo! Marko akauliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, kama Bwana Karani ameshamaliza kupiga mswaki au ng'ombe aendelee kusubiri. Yudith alikuwepo. Aliziba pua.
Hata hivyo nywele tatu nilizipata. Zote zimenasa kwenye waya. Moja inaning'inia mpaka kidevuni.

Jumamosi, 8 Juni
Fizi zimevimba, nimerudi kwa Sila. Akavuta waya kwa koleo. Ukakataa. Akaniwekea goti kifuani. Ukaja, na meno mawili ya chini yakaufuata. Yale yale ya katikati! Sila akasema babu yake angenitoa hayo zamani kwa kuku mmoja tu. Yudith basi tena.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada Yudith kaniita pembeni. Nikafungua mdomo kuomba radhi, ukatoka mluzi. Ng'ombe wa Bartolomayo wakageuka wote! Yudith alicheka mpaka akaegemea ukuta wa kanisa. Akasema sasa nina sura ya mwanamume, nimechelewa miaka thelathini tu. AMEKUBALI! Sharti moja: kila usiku nisafishe yaliyobaki, mbele ya macho yake. Marko akapiga mluzi. Mimi nikapiga zaidi.

Jumatatu, 10 Juni
Nimefikiri. Karani wa boma na pengo? Leo Bwana Mpima alicheka, nikaona ana jino la dhahabu. Dhahabu sina, lakini Sila bado ana shaba. Kesho alfajiri nipo kwake, na koleo lake nimeshalisamehe.
Mlenda tena jioni hii. Mswaki? Yudith hajahamia bado. Na nani anatazama meno gizani?