Sanduku la Bluu la Loma Seca

Mheshimiwa Padri wa parokia, Waheshimiwa Madiwani mliopo na mliotoa udhuru, Kanali mstaafu, Mwenyekiti wa Chama cha Wacheza Domino, Malkia wa Kanivali wa mwaka jana na wa mwaka juzi, wananchi watukufu wa Loma Seca, na mimi mwenyewe, Leovigildo Peguero, meya wenu: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya madiwani.)

Ndugu wananchi, baada ya mchakato shirikishi wa upembuzi yakinifu uliohusisha wadau wa ngazi zote, hususan mimi, leo nawakabidhi Mashine ya Sumaku ya Umeme wa Milele, iliyomo ndani ya sanduku hili la bluu, ambayo haili mafuta, haihitaji jua, na ukiisukuma mara moja tu sumaku zinasukumana zenyewe kwa ufanisi wa asilimia mia moja arobaini na mbili nukta saba. (Sauti: "Hiyo nukta saba ndiyo imenimaliza!" Kicheko.)

Namwona Mwalimu Fabián, aliyetufundisha fizikia wote hapa, amenyoosha mkono. ("Kwa heshima zote, Mheshimiwa: kama haili mafuta, mbona inanuka dizeli?") Swali zuri, na kamati yangu ilikwisha kulitarajia. Hiyo ni harufu ya sumaku mpya. Itaisha awamu ya pili. ("Na hilo bomba la moshi?") Mwalimu, tuwape na wengine nafasi.

Naam, Muuguzi Yocasta. ("Mimi sumaku sizijui, Mheshimiwa. Jenereta ya zahanati mliichukua wiki mbili zilizopita, mkasema inakwenda matengenezo. Umeme ukikatika friji inazima. Insulini ya bibi yetu huyu, Doña Ercilia, imeharibika karibu yote, imebaki chupa moja.") Dada yangu, suala lako liko mezani na linatazamwa kwa jicho la kimkakati. Doña Ercilia, mama yangu, mvumilivu hula mbivu. ("Mbivu zenyewe nimekatazwa, nina kisukari!" Kicheko kirefu.)

(Umeme wa mji unakatika. Feni za duka la kona zinasimama. Sanduku linazidi kunguruma.) Mmeona? Mji mzima umezimika, na sauti yangu bado mnaisikia, kwa kuwa maikrofoni hii inakula umeme wa sanduku! (Makofi. Punde, kutoka mtaa wa chini: "Umerudi! Umerudi!" Nusu ya umati inapiga mayowe na kukimbilia nyumbani kuwasha pampu za maji kabla haujakatika tena.) Furaha yenu inanitoa machozi, wananchi. Kimbieni, mkawaambie na majirani!

Nikihitimisha, katibu wangu ameniandikia orodha ya shukrani, nami sina tabia ya kuruka jina la mtu. Namshukuru fundi Wascar, aliyepaka sanduku rangi. Namshukuru dereva Neftalí, aliyeichukua jenereta ya zahanati na kuiingiza humu ndani bila kukwaruza... (Vichwa vyote vinageukia sanduku.) ...bila kukwaruza rangi.

Sumaku hoyee! (Anaitikia katibu peke yake.) Maendeleo hoyee! (Doña Ercilia anapanda jukwaani, anafungua kifuniko.) Mama, usiguse, ina moto! ("Najua ina moto, mwanangu. Ni ya kwetu. Yocasta, zima hiyo, wanaume waje tuibebe.") Subirini, jamani, sijamaliza! Wananchi watukufu, nawashukuru kwa dhati kwa kuendelea kuniunga mko—