Chumvi Ipo Sumbawanga

Kijiji cha Ujamaa Msongwa,
Njia ya Matai.
14 Machi, 1977.

Ndugu Mgawaji Mkuu wa Bidhaa,
Sumbawanga.

Ndugu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na gari lako. Mimi ni Urbano Sichalwe, mkulima wa maharage na ulezi, mjumbe wa kamati ya duka la kijiji. Naleta malalamiko haya kwa heshima zote, nikiwa nimeketi, maana mwili hauna nguvu.

1. Kwanza ujue tulivyomfukuza mlanguzi. Alikuwa anaitwa Zubery, mtu wa mjini hapo. Kila Alhamisi alipanda huku na baiskeli, gunia la chumvi nyuma, akarudi na maharage yetu. Ilionekana wazi kwamba anafaidi. Katika mkutano wa kijiji nilisimama mimi mwenyewe nikaeleza kuwa huyu ni kupe aliyekaa kati yetu na chumvi. Zubery alisikiliza mpaka mwisho, akakunja turubai lake, akauliza tu, "Kwa hiyo Alhamisi ijayo nisije?" Tukamjibu asije. Nilipiga makofi hadi viganja vikauma.

2. Tangu siku hiyo chumvi haijafika. Mwezi wa pili ulipoanza nilikuja ofisini kwako, nikapokelewa na karani wako, Ndugu Fanueli, kijana muungwana kutoka Mbeya, akanipa kiti. Akanihakikishia kuwa chumvi ipo, hata akanifungulia mlango wa ghala nikayaona magunia yamepangwa hadi darini. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Kisha akanieleza njia yake: maombi yatoke kwa mwenyekiti wa kijiji yaende kwa Katibu Kata, yapande tarafani, yapande wilayani, yaje kwake, yarudi kusainiwa, na mengine mengi, hadi kwa dereva, ambaye gari lake halina tairi, na tairi lenyewe linangoja kibali. Nilikuwa nahesabu watu kwa vidole. Vyangu vikaisha, Ndugu Fanueli akaniazima kimoja cha kwake.

Sasa kijijini wamezuka watu wenye kusema kwamba Zubery alikuwa mmoja na hawa ni kumi na mmoja. Nimewasahihisha. Mlanguzi ni mtu anayekaa katikati akaleta kitu. Katika hawa kumi na mmoja hakuna aliyeleta kitu chochote, kwa hiyo hatuwezi kumwita hata mmoja wao mlanguzi.

3. Mke wangu Silvana ameondoka. Alipika maharage bila chumvi, akapika majani ya maboga bila chumvi, akachuja majivu ya nyasi badala ya chumvi, tukaonja tukayamwaga. Siku moja akanitengea sahani tupu, akasema kwa upole, "Mlipiga makofi. Yaleni hayo makofi." Asubuhi yake akashuka Kasanga, kule ziwani, kwa kaka yake anayekausha samaki. Leo ni wiki ya tatu. Najipikia, na mbwa ananitazama kwa huruma. Nikirudi shambani nakaa kizingitini nikiangalia barabara, kisha nawaambia watu kuwa naangalia mawingu.

4. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Ikiwa kosa la Zubery lilikuwa kukaa kati yetu na chumvi, basi na hawa kumi na mmoja waondolewe. Gari nalo liondolewe, kwa kuwa limekaa katikati kuliko wote. Ikishindikana, kijiji kihamie ghalani. Tuko kaya mia na arobaini, na kazi ya kuhama tunaijua, tumehamishwa juzijuzi tu. Tutakaa kwa zamu: kila mtu aingie, alambe kidogo, kisha akimbie nyumbani akale kabla ladha haijamtoka mdomoni.

Wasalimie wote hapo ofisini, hasa Ndugu Fanueli na kidole chake. Msalimie dereva, umpe pole.

Mimi ndugu yako katika kungoja,
Urbano Sichalwe.

N.B. Kabla sijabandika stempu, Silvana amerudi. Amekuja na magunia mawili ya chumvi juu ya baiskeli ya Zubery, ambaye kumbe siku hizi yuko Kasanga. Akabandika sufuria. Nilipoonja ilibidi nitoke nje kidogo kwa sababu ya moshi. Tulipomaliza kula majirani wakaanza kuingia na vibaba vyao, wa kwanza Ndugu Kalisti, mwenyekiti wetu, kupitia mlango wa nyuma. Silvana anataka kibaba kimoja cha chumvi kwa vitatu vya maharage. Mimi kama mjumbe wa kamati nimeona viwili na nusu ni haki, maana kutoka Kasanga ni mlima mtupu na lazima mtu afidiwe. Zubery atashusha maharage na kupandisha chumvi. Sisi tutakaa hapa katikati.

Basi, Ndugu, naomba namba 1 hadi 4 zifutwe. Na gari likipata tairi, tafadhali lianzie vijiji vingine.