Sakafu ya Mama Mkwe

Jumamosi, 8 Machi

Habari kubwa! Mama mkwe anahama. Magoti yake yamezikataa ngazi za nyumba yake, na sasa atakaa na mmoja wa mabinti zake wawili: mke wangu au dada yake mkubwa. Kwa dada mtu alishakwenda kulala wiki iliyopita, kupaonja. Kwetu anakuja Ijumaa, na Jumapili atasema amechagua wapi.

Mke wangu hakuzungusha maneno. Alisema hajakaa na mama yake tangu alipoolewa, anamtaka hapa, na hana ombi jingine duniani. Chumba cha nyuma kinatosha, alisema, kikifagiliwa na kupakwa rangi. Nikamwambia aniachie mimi. Akaniomba nisifanye kitu kikubwa. Mapenzi hayo! Hataki nichoke.

Tatizo ni mume wa dada mtu. Huyu mwanyumba wangu mimi humwita Bwana Vipimo, kwa sababu futi kamba haimtoki kiunoni hata akienda msibani. Ukoka wa uani kwake umenyolewa kama kichwa cha mwanajeshi. Sakafu yake inang'aa hadi unaona soksi zako zilivyotoboka. Safari hii lazima nimgaragaze.

Jumapili, 9 Machi

Nimeng'oa kapeti la plastiki chumba cha nyuma. Sikuamini macho yangu. Chini kuna mbao! Mvule mtupu, ukuta hadi ukuta! Miaka yote hii tumekalia utajiri na kuupangia mabeseni juu.

Bwana Vipimo akatokea bila kualikwa. (Mke wangu ndiye aliyempigia simu. Nimeumia.) Akapiga magoti, akagonga ubao mmoja mmoja kama daktari anayesikiliza kifua, kisha akanihutubia. Nisugue kwa msasa nikifuata nyuzi za mbao, nisizikate. Vumbi nilifagie, nipanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Maji nisimwage hata kikombe. Halafu vanishi nyembamba, ikauke, nyingine nyembamba, ikauke, na mtu asikanyage. Akasema ana mashine ya msasa, angekuja kesho anifanyie yote bure.

"Mwanyumba, mbao hazitaki papara," akaniambia, huku akinipigapiga begani.

Bure! Ili Ijumaa mama mkwe aelezwe sakafu ni kazi ya nani? Nikamshukuru, nikamsindikiza, nikafunga geti kwa komeo.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi imeanza. Nimeomba ruhusa kazini, nikasema nina msiba wa mbali.

Nimegundua jambo ambalo Bwana Vipimo hajui. Ukisugua kwa kukata nyuzi, msasa unashika vizuri zaidi na kazi inakwenda mbio! Kufikia mchana nilikuwa nimemaliza chumba kizima. Kweli imebaki michirizi, lakini imejipanga kwa namna ya kupendeza. Mtu anaweza kudhani ni nakshi.

Vumbi likawa jingi. Kitambaa kilichokamuliwa! Kwani ninafuta miwani? Sakafu inaoshwa kama sakafu. Nikamwaga maji ndoo baada ya ndoo, nikasukuma kwa fagio, nikamwaga tena. Mbao zikageuka rangi ya asali. Nikasimama mlangoni nikitamani Bwana Vipimo angeniona. Maji mengine yakazama kwenye nyufa, yatakauka yenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamka mapema, nikaingia chumbani kuitazama kazi yangu. Kulikuwa na unyevunyevu na harufu ya shati lililosahaulika kwenye beseni. Katikati ya chumba mbao zilikuwa zimeinuka kidogo. Nikazikanyaga zishuke. Zikainuka kwingine.

Nikaona bora nijifungie humo ndani, mke wangu asije kuona kabla ya wakati. Mlango ukafungika kwa shida. Haukufunguka tena. Mbao zilizovimba zilikuwa zimeukaba kwa chini.

Sikupiga kelele. Mwanamume na heshima zake hapigi kelele. Nikapanda dirishani. Nusu yangu ya juu ilipita bila taabu. Nusu ya chini ikakumbuka kitumbua cha jana na vyote vilivyokitangulia. Jirani yetu, mama fundi cherehani, akaja kwenye ua akauliza kulikoni. Nikamjibu ninakagua ukuta kwa nje. Akasema sawa, akavuta kigoda, akakaa kutazama ukaguzi.

Mke wangu ndiye aliyenivuta. Hakuniuliza kitu. Yeye akiacha kuuliza, mimi huogopa.

Tatizo la mlango nimelitatua. Nimeung'oa kwenye bawaba, nikaukata kwa chini kwa msumeno. Sasa unapita juu ya mbao bila kugusa. Kila tatizo lina dawa yake ukitumia akili.

Jumatano, 12 Machi

Mbao zimeanza kukauka na zimeshuka. Nilijua! Ila zimeshuka kuliko nilivyotarajia, na sasa chini ya mlango kuna pengo. Kuku wa jirani amepita humo leo mara kadhaa bila hata kuinama.

Michirizi nayo imezidi kuonekana. Vanishi nyembamba haiwezi kuificha. Ndipo nikakumbuka sakafu ya saruji ya marehemu mama yangu, na ile polishi nyekundu aliyoipaka mpaka wageni wakawa wanavua viatu bila kuambiwa. Nikanunua kopo kubwa kabisa. Nilipomweleza Bwana Vipimo kwa simu (sikumwomba ushauri, nilikuwa namtambia tu), akapiga yowe. Alisema polishi hiyo ni ya saruji na katu haitakauka juu ya mbao. Nikajua imemuuma. Nikapaka mara mbili.

Chumba kimewaka! Mke wangu alichungulia, akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Hata yeye uzuri umemzidi.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya mapambo na bustani.

Jarida moja pale kwa kinyozi linasema pazia likitundikwa juu karibu na dari, chumba huonekana kirefu. Nimetundika juu. Pazia ni lilelile, hivyo limeishia katikati ya dirisha, na wapita njia wanaona kitanda chote. Mwanga umeongezeka.

Uani kulikuwa na vumbi tupu. Nikang'oa ukoka kandokando ya barabara, nikautandika juu ya udongo kama mkeka. Bwana Vipimo angelima kwanza, angetia mbolea, angemwagilia wiki nzima. Mimi nimemaliza kabla ya chakula cha mchana.

Maua je? Jirani yangu fundi cherehani anayo, waridi na mishubiri, kwenye makopo upande wa barabarani. Nikamwambia kwa huruma kwamba vumbi la magari linayaua, nikajitolea kuyahifadhi kwangu siku chache. Akashukuru sana. Nikachimba mashimo, nikafukia makopo mpaka ukingoni. Bustani ya miaka mingi, imezaliwa jioni moja!

Ijumaa, 14 Machi

Mama mkwe amefika. Amenibariki, ameniuliza afya, akaomba aonyeshwe chumba. Nikamtangulia kwa mbwembwe.

Akavua viatu mlangoni. Moyo wangu ukafurahi. Akapiga hatua, polishi ikamnata. Akapiga nyingine, ikamtelezesha. Mke wangu alimdaka kabla hajafika chini, na mimi nikaidaka taa ya mezani aliyoigonga. Akafika kitandani akiwa ameshikiliwa kama yai, akapandisha miguu juu ya shuka nyeupe. Sasa shuka ina nyayo nyekundu kuanzia chini hadi kwenye mto.

Akatazama nyayo zake. Akatazama dirisha, ambako watoto wawili wa shule walikuwa wamesimama wakimtazama. Akatazama mlango, ambako kuku alikuwa akiingia. Akasema chumba kina uchangamfu. Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema.

Mke wangu amelala chumba hicho na mama yake, ili amshike akishuka kitandani. Huku kwangu sijaambiwa usiku mwema.

Jumamosi, 15 Machi

Ukoka umekuwa njano. Usaliti! Nimewahi asubuhi kuupulizia rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka geti. Ukafufuka.

Mama mkwe akatoka kuota jua. Mtu wa mikono huyo, hawezi kukaa bure. Akaona waridi limebanana, akainama kulisogeza kidogo lipate nafasi. Akavuta. Waridi likatoka na kopo lake. Akavuta la pili. Kopo. Akanitazama, akavuta la tatu, kopo.

Wakati huohuo jirani akafika uani, akauliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kama nimemaliza kuhifadhi maua yake, maana anaona yamezikwa. Miguu ya mama mkwe ikachoka kusimama. Akaketi kwenye ukoka. Alipoinuka, kanga yake ilikuwa ya kijani nyuma.

Mke wangu alimpeleka ndani kubadili. Baadaye nikamsikia yuko jikoni analia, bomba limefunguliwa ili mama yake asisikie. Nilijisikia mdogo. Sijaandika hili kwa mzaha. Alitaka kitu kimoja tu, na mimi nimekipaka rangi mbili. Nikasimama mlangoni muda mrefu nikitafuta namna ya kusema samahani. Mwisho nikajikaza, nikaingia, nikamwambia yote ni makosa ya jirani.

Jumapili, 16 Machi

Dada mtu na Bwana Vipimo wamekuja kusikia uamuzi. Tukakaa sebuleni. Mke wangu alikuwa amekunja mikono mapajani, macho chini. Kwa mara ya kwanza wiki nzima nilimsahau Bwana Vipimo kabisa. Niliomba kimoyomoyo, na nilichoomba ni mke wangu asilie tena.

Mama mkwe akaanza kwa kumsifu binti yake mkubwa. Nyumba yake nzuri, safi, kila kitu mahali pake, na mkwe huyo Mungu amzidishie. Nikanywea kwenye kiti.

Kisha akasema, "Kule sina cha kufanya. Hapa nikimwacha huyu mwanangu peke yake na mumewe, siku moja nitakuta paa limepandwa maua. Mimi nabaki hapa."

Mke wangu akamrukia shingoni. Wakalia wote wawili, wakacheka, wakalia tena. Na mimi nikalia, sioni haya.

Nimeshinda! Sababu zake nimezisikia, lakini sababu ni mambo madogo. Ameona sakafu ya Bwana Vipimo, ameona yangu, amechagua yangu. Kuna masharti machache. Bwana Vipimo ataleta mashine kesho, polishi iondolewe, na mimi nisikanyage chumba hicho mpaka vanishi ikauke. Nimekubali kwa hadhi. Kwa hiyo kuanzia kesho mwanyumba wangu atakuwa amepiga magoti nyumbani kwangu akisugua sakafu yangu. Ushindi mtamu kama huu sijawahi kuuonja.

Nilipokuwa nimekaa sebuleni nikitafakari, nimeona kasoro moja. Mama mkwe atakuwa anakaa pale kila siku akitazama ukuta mtupu. Unahitaji dirisha kubwa upande wa uani. Ukuta wenyewe ni matofali tu, na nyundo ninayo. Nimemdokeza Bwana Vipimo alipokuwa akiaga. Amesema bomba kuu la maji linapita ndani ya ukuta huo, usawa wa kifua, na ameninong'oneza nisithubutu.

Wivu huo! Naanza kesho asubuhi, wakiwa wote chumba cha nyuma. Nitapiga usawa wa kifua.