Imani kwa Kihispania

Jumatatu, 3 Juni
Mchungaji katangaza: Jumapili tunapata mgeni, mama mhubiri, anajua Kihispania tu. Atakayempokea vizuri ndiye mzee wa wageni. Kiti hicho nakitamani mwaka wa tisa huu. Fundi cherehani naye anakimezea mate. Nimemuwahi kunyoosha mkono. Nikasema Kihispania nakijua. Bwana anisamehe, nilimaanisha nitakijua.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata kitabu cha mazungumzo. Sura za mwanzo ni njia, chakula, nyumba na vyumba vyake. Mambo ya dunia. Nimeziruka. Sura ya kumi na moja: Imani! Creo en Dios, namwamini Mungu. Tengo fe, nina imani. Confío en Él, namtumaini Yeye. Lugha tamu, kama imezaliwa mimbarini.

Alhamisi, 6 Juni
Nakariri huku natengeneza saa za watu. Mteja kauliza kama saa yake itapona. Tengo fe, nikamjibu. Kaichukua, kaenda zake. Mke wangu kauliza, je, mgeni akiomba maji? Mama watoto, nikamwambia, mhubiri hafuati maji. Kaguna. Fundi cherehani kachungulia dirishani: eti mzee, hebu tusalimie kwa Kihispania! Nikamtangazia kwamba namwamini Mungu. Kanywea!

Jumapili, 9 Juni
Mgeni kashuka garini, safari ya saa sita. Kaniuliza jambo kwa upole. Creo en Dios! Waumini: Amina! Katabasamu, kauliza tena, haraka kidogo. Tengo fe! Amina! Mara ya tatu magoti kayabana, jasho linamtoka. Nikajua Roho yuko kazini. Confío en Él! Mikono juu! Kwaya ikadakia wimbo wa beti saba. Kwenye ubeti wa pili fundi cherehani, asiyejua hata neno moja, akamshika mama wa watu mkono, akampeleka chooni.

Jumatatu, 10 Juni
Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hajapona. Kiti kapewa fundi cherehani. Mke wangu ananiambia, baba, ungeanza na choo, imani ingefuata. Maneno ya mtu asiyesoma. Mimi kosa nimeliona: sauti ilikuwa ndogo. Mwezi ujao anakuja mgeni wa Kireno. Nimeshamwahidi mchungaji kwamba Kireno nakiota. Kesho naanza na sala za kufukuza mapepo.