Haradali ya Wanawake Watatu na Nusu

Boishakh 11, Jumatano
Salamu kwanza. Baba Jhuma hajambo, kikohozi tu. Mama Mdogo, mke wa baba mdogo wa mume wangu, hajambo, ila sikio la kushoto limestaafu. Ng'ombe hajambo. Binti yangu Jhuma, aliyeolewa Asansol, hajambo, isipokuwa mimba ya miezi sita inamtapisha. Marehemu mama mkwe wangu hajambo, yuko kwenye picha ukutani. Mimi sijambo kwa nje. Nilisoma madarasa mawili, na maishani nimeandika barua tu, ndiyo maana nasalimu. Daftari hili aliliacha Jhuma. Lina hesabu zake za kugawanya, nyingi amekosa. Nimezipitia zote, nikalia kidogo.

Barua yake imefika. Chakula hakikai tumboni. Anaota kasundi ya bibi yake tu, ile haradali yetu, kwa mchicha na wali wa moto. Kuhusu kujifungua, kimya. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti, nani asiyejua? Lakini mama mkwe wake hajasema atamleta, na hospitali ya kule iko karibu. Naogopa.

Nimepata mpango. Nitatengeneza kasundi, nimpelekee kichupa kidogo sana. Cha kumtia hamu. Akitaka zaidi, aje. Baba Jhuma ameuliza kwa nini nisiandike tu, mleteni binti yangu ajifungulie hapa. Nimemwambia wanaume hawajui mambo haya.

Boishakh 13, Ijumaa
Shida. Kasundi hutengenezwa siku moja kwa mwaka, nayo ni keshokutwa. Mbegu zioshwe bwawani na wanawake wenye waume, nguo zimelowa, na idadi yao iwe witiri: watatu, watano, saba. Ikiwa shufwa chungu huharibika, na chungu kikiharibika nyumba hupata jambo. Na mtoto naye yuko njiani. Zamani tulikuwa saba. Mama mkwe mbele na ungo kichwani, sisi nyuma kwa vigelegele, Jhuma mdogo anatufuata akituiga. Sasa nimebaki na Mama Mdogo. Wawili.

Jirani yupo, Mama Gopa. Simwombi. Kwenye harusi ya Jhuma alisema mchuzi wetu wa samaki ulikuwa mwepesi hata mtu angeweza kujitazama uso. Miaka miwili hatusemeshani, isipokuwa kwa kuwagombeza kuku.

Nimewaza mpaka kichwa kikauma. Kisha nikaiona picha. Mama mkwe alifariki kabla ya mumewe, akiwa mke wa mtu, rangi nyekundu ya wenye waume utosini. Kwa hiyo anahesabika.

Boishakh 15, Jumapili
Alfajiri tukaenda bwawani, hatujala. Mimi na ungo, Mama Mdogo na picha. Nikamwambia amloweshe mama mkwe kwenye kona ya fremu tu. Akasikia amwogeshe. Akamzamisha mzima. Fremu ikamponyoka, ikaelea kuelekea kwenye magugu, mama mkwe anatutazama.

Ng'ambo Mama Gopa alikuwa anasugua masufuria. Akauliza, dada, leo mmemleta mama kuoga na miwani yake? Nilikuwa nalia. Basi akayaacha masufuria, akaingia na sari yake mpaka kifuani, akamtoa.

Maji yalikuwa yameshapita chini ya kioo. Nusu ya uso imeondoka. Ndiyo picha pekee tuliyokuwa nayo.

Mama Gopa akautazama ungo, akaelewa. Akasema haya, nimeshalowa, nihesabuni na mimi. Mama Mdogo akahesabu kwa vidole. Na picha, wanne. Shufwa. Mama Gopa akaitazama tena picha, akasema huyu amebaki nusu. Watatu na nusu, na tangu lini watatu na nusu wakawa shufwa? Mama Mdogo akasema hesabu ni sahihi.

Tukapiga vigelegele.

Boishakh 16, Jumatatu
Mbegu zimekauka. Mama Gopa amekuja bila kuitwa. Akakuta natwanga kavukavu, akanishika mkono. Eti unatafuta uchungu, mwenzangu? Pilipili mbichi na chumvi huingia kinuni pamoja na mbegu, la sivyo haradali huwa chungu. Nikamuuliza kajuaje. Akasema mama mkwe alimwambia kwa kupitia juu ya ukuta wetu, mwaka wa mafuriko, na kila mwaka alimpitishia bakuli.

Mimi nilikaa naye miaka ishirini na miwili, sikuambiwa. Nikaona wivu. Mama Gopa akasema hakukuambia kwa sababu yeye mwenyewe alikuwepo kutwanga. Hakuona haraka.

Tukatwanga. Harufu ikatutoa machozi sote, hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini. Kuhusu mchuzi wa samaki hakusema lolote. Nilisubiri.

Boishakh 24, Jumanne
Nimeoga, nimefungua chungu. Ya njano, kali, inapanda puani mpaka kwenye nywele. Imetoka vizuri. Nimechemsha kichupa cha dawa ya kikohozi, nikajaza nusu. Baba Jhuma akasema hii si zawadi, huku ni kumchokoza mtu. Mkwe wa Mama Gopa anafanya kazi kwenye reli, ameondoka nacho.

Joishtho 4, Jumamosi
Barua. Jhuma anasema alionja mara moja tu. Iliyobaki mama mkwe wake aliimaliza kwa kidole, kisha akauliza kwa nini huyu mama wa kwenu ni mchoyo hivi. Kisha akatoa yaliyomkaa moyoni. Tangu mwezi wa nne wa mimba anangoja tumwandikie kumwomba binti, maana bila kuombwa hawezi kumleta, ataonekana anamfukuza. Akadhani hatumtaki. Sanduku la Jhuma limefungwa tangu wakati huo, liko chini ya kitanda.

Wanakuja tarehe kumi na tano. Jhuma anakuja. Nimecheka, nimelia, nimemwambia na ng'ombe. Baba Jhuma hasemi kitu, ananitazama tu. Bora angesema.

Ila mama mkwe wake anakuja pia, atakaa siku kadhaa. Kadhaa ni ngapi? Nataka nilale na mwanangu kitanda kimoja, nimpake mafuta kichwani kama zamani, bila mgeni. Baba Jhuma anasema muulize. Mtu anaulizwaje jambo kama hilo?

Nimemwandikia karibu sana, nyumba ni yako, ila paa la chumba cha wageni linavuja vibaya, na pakavu ni pale pa mama mjamzito peke yake. Paa halivuji. Kesho Baba Jhuma atapanda atoe vigae viwili. Nimeimalizia barua: tafadhali dada, nijibu upesi, nijue kama vigae viwili vinatosha au nitoe vinne.